Ushanga Mmoja Kati ya Shanga 146

Tulimkuta kwenye benchi la kliniki ya watoto, saa nne asubuhi, foleni ikiwa bado ndefu. Mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miezi tisa, alikuwa amevimba vidole vya mikono na miguu hata ngozi inang'aa, na kila khanga ilipomgusa alilia. Tulisogea ili apate nafasi ya kumlaza vizuri mapajani. Alitushukuru, kisha akaanza kueleza kama mtu aliyekuwa akingoja kwa muda mrefu apate wa kumsikiliza.

"Alizaliwa mzima kabisa," alisema. "Miezi sita hakuumwa hata mafua. Nilipoanza tu kumpa uji, ndipo yakaanza haya. Kwanza mama mkwe alisema ni uji wangu. Sasa wamempima, wanasema ni sikoseli. Mama mkwe naye amegeuza maneno, anasema basi ni damu yangu, maana kwao hakujawahi kuonekana mtoto wa namna hii."

Akanyamaza, akampepea mtoto kwa pindo la khanga. Halafu akauliza swali lililotufanya tuandike makala haya. Muuguzi alikuwa amempa maagizo matatu: mtoto anywe maji mara kwa mara, asipigwe na baridi, na akipata homa akimbizwe hospitali bila kungoja kesho.

"Sasa dada zangu, hilo la homa naelewa. Lakini maji! Maji ya kunywa yanakwenda tumboni. Yanahusiana nini na ugonjwa wa damu?"

Tulitazamana. Hatukuwa na jibu. Tukamwambia tutauliza, naye akatabasamu kidogo, kama anayejua kwamba watu wakisema hivyo huwa hawarudi.

Basi tumeuliza, na tumesoma. Jibu lake linaanzia mbali kidogo na hospitali. Kwa kweli linaanzia jikoni, kwa hiyo tunakuomba, mpendwa msomaji, uvumilie tupitie huko kwanza.

UGALI NA MWIKO WAKE

Kila kitu kilicho hai kimejengwa kwa atomi, na aina za atomi zinazofanya kazi kubwa si nyingi: kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, pamoja na fosforasi na salfa kidogo. Jambo kubwa ni namna atomi hizo zinavyoshikana. Wataalamu wana majina mengi ya aina za kushikana huko, lakini kwa makala haya mawili yatatosha, na tumeyachagua sisi wenyewe: fundo na mshiko.

Fundo ni pale atomi mbili zinapochangia elektroni zao, kama nyumba mbili zilizojengwa kwa kuchangia ukuta mmoja. Huwezi kuzitenganisha bila kubomoa. Mshiko ni kitu chepesi zaidi. Upande mmoja wa molekuli una chaji hasi kidogo, upande wa molekuli nyingine una chaji chanya kidogo, basi vinavutana, kama nguo ya nailoni inavyonata mwilini wakati wa kuivua. Mshiko mmoja si kitu. Mishiko mingi pamoja ina nguvu sana, lakini bado inaweza kuachia na kushika tena.

Sasa chukua unga wa ugali. Wanga ulio ndani yake ni uzi mrefu wa shanga, na kila ushanga ni sukari ndogo iitwayo glukosi. Mmea unapofunga ushanga mmoja kwa mwenzake, molekuli moja ya maji hutoka. Mwili wako unapotaka kuzifungua, huingiza molekuli moja ya maji katika kila fundo. Kumeng'enya chakula ni kazi hiyo hasa, nayo huanzia kwenye mate. Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha bila kukimeza, hesabu hata mia moja, utaona utamu unakuja. Hakuna aliyetia sukari. Ni shanga zinazofunguka.

Na mwiko uliosongea ugali huo? Sehemu kubwa ya mti ni selulosi, nayo pia ni uzi wa glukosi, ushanga uleule. Tofauti ni kwamba katika selulosi kila ushanga umefungwa ukiwa umegeuzwa, huu ukitazama juu na unaofuata ukitazama chini. Kwa sababu hiyo nyuzi zinanyooka, zinalala bega kwa bega, na kushikana kwa mishiko isiyohesabika mpaka zinakuwa mti, majani ya mgomba, au pamba ya khanga uliyojifunga. Mate yetu hayana kimeng'enya kinachoweza kufungua fundo lililogeuzwa namna hiyo. Ng'ombe naye hana, ila tumboni mwake amefuga vijidudu wanaomfanyia kazi hiyo. Tuliposoma hayo tulicheka. Miaka yote tumesonga glukosi kwa glukosi, moja ikaliwa na nyingine ikaoshwa na kuwekwa kabatini, kwa sababu tu ya namna shanga zilivyofungwa!

YAI NA NYWELE

Protini nazo ni nyuzi za shanga, lakini shanga zake si za aina moja. Ziko aina 20, nazo huitwa asidi amino. Nyingine hupenda maji, nyingine huyakimbia kama mafuta, nyingine zina chaji chanya na nyingine chaji hasi. Uzi wa protini ukishafungwa, haubaki umenyooka. Shanga zinazoyakimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda hukaa nje, na uzi wote hujikunja kwa mishiko mpaka unapata umbo lake maalumu. Protini hufanya kazi kwa umbo hilo, kama ufunguo unavyofanya kazi kwa meno yake.

Pasua yai kwenye kikaango. Ute unaoteleza unageuka mweupe na mgumu mbele ya macho yako. Moto umeachanisha mishiko, nyuzi zimekunjuka, zikavurugana. Mafundo yenyewe hayajaguswa, shanga zote bado zimefuatana kama zilivyokuwa, na ndiyo maana yai la kukaanga linajenga mwili sawasawa.

Akina mama wengi wamejifunza tofauti ya fundo na mshiko saluni bila kujua. Unywele ni protini iitwayo keratini. Ukinyoosha nywele kwa kitana cha moto, umeachanisha mishiko tu. Mvua ikikunyeshea njiani, maji yanaingia, mishiko inarudi palepale, na nywele zinajikunja kama hakuna kilichofanyika. Ukizitia dawa ya kunyoosha, hiyo ni habari nyingine. Keratini ina mafundo ya salfa yanayounganisha uzi mmoja na mwingine, na dawa huyavunja hayo. Mvua haitazirudisha tena. Utangoja nywele mpya ziote. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki ileile ya kutengenezea sabuni, na sisi tuliowahi kukaa kitini tukisikia kichwa kinawaka tunajua kuvunja fundo si mchezo.

Tungependa kueleza pia habari za makande, kwa maana mahindi yamepungukiwa na ushanga mmoja uitwao laisini, na maharage yanao kwa wingi, kwa hiyo bibi zetu waliochanganya viwili hivyo katika sufuria moja walikuwa wakikamilisha hesabu ya shanga. Lakini tusimsahau mtoto wa kliniki.

NDANI YA DAMU

Chembe nyekundu ya damu ni kama mfuko mlaini, wa mviringo, uliobonyea katikati. Ndani yake kumejaa protini moja kuliko zote, hemoglobini. Katika chembe moja ziko molekuli zake zipatazo milioni 270. Kila molekuli ina nyuzi nne zilizokunjwa pamoja: mbili za shanga 141 na mbili za shanga 146. Kila uzi umekumbatia atomi moja ya chuma, na hapo kwenye chuma ndipo oksijeni inapokaa. Damu ikipita mapafuni hubeba oksijeni. Ikifika kwenye misuli, ubongo na mifupa, huishusha.

Kwa mtu mwenye sikoseli, ambayo pia huitwa selimundu, nyuzi mbili zile za shanga 146 zina kosa moja. Ushanga wa 6 kutoka mwanzo si wenyewe. Panapotakiwa pawe na ushanga uitwao asidi glutamiki, wenye chaji na unaopenda maji, umewekwa mwingine uitwao valini, unaoyakimbia maji. Zile 145 zilizobaki ziko sawa kabisa.

Unaweza kujiuliza, ushanga mmoja utaleta madhara gani? Mwaga mafuta kidogo kwenye maji, uyatazame. Matone hutafutana, hukimbiliana na kuungana, kwa sababu hayataki kukaa na maji. Ushanga ule wa valini uko nje ya molekuli, mahali penye maji, kama doa la mafuta. Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni hakuna neno. Lakini ikishashusha mzigo, umbo lake hubadilika kidogo, na ubavuni pake panatokea kijishimo ambacho doa la jirani linaingia barabara. Molekuli moja inamshika jirani, jirani anamshika mwingine, na kwa muda mfupi zimekuwa kamba ndefu ngumu zinazojinyoosha ndani ya chembe. Chembe haina la kufanya. Inavutwa, inapinda, inakuwa na umbo la mundu wa kuvunia mpunga.

Mundu haupiti kwenye mshipa mwembamba kama mfuko mlaini unavyopita. Unakwama, na nyuma yake zinakwama nyingine, na kiungo kilicho mbele kinakosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu. Kwa mtoto mchanga mara nyingi huanzia kwenye mifupa midogo ya mikono na miguu, na vidole huvimba kama tulivyoviona. Tena chembe hizi hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini ya mundu hufa baada ya siku kati ya 10 na 20, na mwili haufui dafu katika kuzifidia. Kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu, na macho huwa ya manjano.

Sasa tumefika kwenye maji. Chembe ya damu ni mfuko wenye maji na hemoglobini ndani yake. Mtoto akikaukiwa maji, kwa jua, kwa kuhara, kwa homa, au kwa kutokunywa tu, chembe nazo hupungukiwa maji. Hemoglobini haipungui. Zinasongamana, na kadiri zinavyosongamana ndivyo doa la moja linavyolifikia shimo la nyingine upesi zaidi. Hata msongamano ukiongezeka kidogo tu, kamba zinajifunga haraka mara nyingi zaidi. Kikombe cha maji anachokunywa mtoto, basi, kinafika hadi ndani ya chembe na kuziachanisha molekuli zisikutane.

Na baridi? Mishipa ya damu husinyaa, damu inakwenda polepole, chembe zinakawia mahali pasipo na oksijeni ya kutosha, nazo zinapata muda wa kupinda. Homa inatoa maji mwilini kwa jasho, lakini hatari yake kubwa ni nyingine. Bandama, ambayo hukamata vijidudu katika damu, huharibiwa na chembe hizi mapema sana katika maisha ya mtoto, hivyo vijidudu ambavyo kwa mwenzake vingeleta kikohozi tu, kwake vinaweza kuua kwa siku moja. Ndiyo maana muuguzi alisema bila kungoja kesho.

Lipo jambo la faraja hapa, nalo ni lilelile la saluni. Ushanga wa valini haufungi fundo na jirani yake. Unashika tu. Chembe iliyopinda ikirudi mapafuni na kupata oksijeni, shimo linajifunga, mshiko unaachia, kamba zinayeyuka, na chembe inarudi kuwa mviringo. Isipokuwa ikipinda na kunyooka mara nyingi mno, ngozi yake inaharibika, na mwisho inabaki mundu hata palipo na oksijeni. Kila mara ambapo mtoto amekunywa maji na kuvaa sweta, chembe zake zimeepushwa na mikunjo kadhaa.

WALIOGUNDUA

Ugonjwa wenyewe ni wa siku nyingi katika Afrika. Ulipata jina kwenye vitabu vya madaktari mwaka 1910, wakati James Herrick, daktari wa Chicago, alipoandika kuhusu kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno huko. Katika damu yake zilionekana chembe zenye umbo la mundu. Hakuna aliyejua sababu.

Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto huko New York, alitoa habari ambayo mama wa kliniki angeipenda. Alikuwa ameona kwamba damu ya watoto wachanga waliorithi ugonjwa huu haina mundu nyingi kama ya wakubwa. Akafikiri kwamba ni kwa sababu mtoto huzaliwa na hemoglobini ya aina nyingine, ile aliyokuwa akiitumia tumboni mwa mama, nayo haina kosa hilo. Alikuwa sahihi. Hemoglobini ya tumboni haina uzi wa shanga 146 ulio na kosa. Ina uzi wa aina nyingine badala yake. Katika miezi ya kwanza ya maisha hupungua kidogo kidogo, na ile ya kikubwa inashika nafasi. Kwa hiyo mtoto huonekana mzima mpaka miezi mitano, sita, na mara anaanza kuumwa, wakati uleule ambao mama anamwanzishia uji. Uji wa mama huyu haukuwa na kosa lolote.

Mwaka 1949 Linus Pauling, mkemia wa Marekani aliyekuwa ameshaandika kitabu kikubwa kuhusu vifungo vya atomi, alionyesha pamoja na wenzake, akiwemo kijana Harvey Itano, kwamba kosa liko ndani ya hemoglobini. Waliiweka kwenye umeme, na hemoglobini ya mgonjwa ikatembea kwa namna tofauti na ya mtu mzima, kwa kuwa imepungukiwa na chaji. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuelezwa kuwa ni ugonjwa wa molekuli moja. Na watu wenye chembechembe za ugonjwa huo wasioumwa walionekana kuwa na hemoglobini za aina zote mbili, zimechanganyika. Kipimo kinachotumika katika hospitali nyingi mpaka leo kinatokana na njia hiyo ya umeme.

Kisha mwaka 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge nchini Uingereza, aliikatakata hemoglobini kwa kimeng'enya cha kusagia protini, akavitandaza vipande kwenye karatasi. Madoa yote yalifanana na ya mtu mzima isipokuwa moja. Mwaka uliofuata alikuwa ameshautaja ushanga wenyewe uliobadilika.

DAMU YA NANI?

Mpangilio wa shanga umeandikwa kwenye DNA. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba. Kila uzi umefungwa kwa mafundo kwa urefu wake wote, ili maandishi yasiharibike. Lakini uzi mmoja na mwenzake vimeunganishwa kwa mishiko tu, ili viweze kuachana na kusomwa. Herufi zake ni nne, nazo husomwa tatu tatu, kila tatu zikitaja ushanga mmoja. Mahali pa ushanga wa 6 pameandikwa GAG. Katika sikoseli pameandikwa GTG. Herufi moja.

Kila mtu ana nakala mbili za maandishi hayo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja yenye kosa na moja nzima huitwa AS. Kwa kawaida haumwi, anaweza kuishi miaka themanini asijue, akawarithisha wanawe, nao wakawarithisha wajukuu, kimya kimya. Ugonjwa huu wa mtoto tuliyemwona, unaoitwa SS, hutokea mtoto anapopewa nakala yenye kosa na baba, na nyingine yenye kosa na mama. Mmoja peke yake hawezi kuuleta. Mama mkwe anaposema kwao hakujawahi kuonekana mtoto wa namna hii, pengine anasema kweli. Hata hivyo mtoto wake wa kiume ametoa nakala moja, na kwa kawaida huwa ameirithi kwa mmoja wa wazazi wake.

Baba na mama wakiwa AS wote wawili, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS, nafasi mbili za kuwa AS kama wazazi wake, na nafasi moja ya kuwa mzima kabisa. Tunasisitiza: katika kila mimba, upya. Tumewasikia watu wakisema kwamba wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata watakuwa salama. La hasha. Mimba haikumbuki iliyotangulia.

Na tuliache neno hili "damu mbaya". Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alizunguka Kenya mwaka 1949 akipima damu, akaona kwamba watu wa AS ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni wachache nyanda za juu zenye baridi. Palipokuwa na malaria nyingi, ndipo walipokuwa wengi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja ya kosa hili humkinga mtoto na malaria kali. Katika vizazi vingi, watoto wengi wa AS walibaki hai pale wenzao walipokufa. Pengine babu wa mama mkwe alikuwa mmoja wao. Lakini kinga hiyo haimsaidii mwenye SS. Kwake malaria ni hatari kubwa mno, na chandarua si jambo la kuahirisha.

YANAYOWEZEKANA LEO

Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa maelfu, jambo lililosaidia kujua watoto wanaumwa nini hasa na wanakufa kwa nini. Kikubwa ni kujua mapema. Mtoto akipimwa mchanga, hupewa penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano kumkinga na vijidudu vile, chanjo ya nimonia, foliki asidi ya kusaidia kutengeneza damu, na kinga ya malaria kadiri daktari atakavyoelekeza.

Huko Jamaika akina mama walifundishwa kupapasa tumbo la mtoto chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikivimba ghafla, ina maana damu nyingi imenasa humo, na mtoto anaweza kufa kwa saa chache. Vifo vya namna hiyo vilipungua sana, kwa mikono ya akina mama. Mwombe muuguzi akuonyeshe. Ni somo la dakika tano.

Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Inaufanya mwili uanze tena kutengeneza ile hemoglobini ya tumboni aliyoiona Janet Watson, ambayo ikijichanganya na nyingine huzuia kamba zisijifunge. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache zaidi, malaria kidogo zaidi, na vifo vilipungua. Anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara, kwa hiyo isinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri maandishi ya DNA yenyewe katika uboho wa mgonjwa. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tumeitaja ili ijulikane ipo. Mama wa benchi letu, kwa sasa, ana kikombe cha maji, sweta, chandarua na penisilini, na hivyo si vitu vidogo.

Kwa vijana wanaojiandaa kwa ndoa, kipimo cha kujua kama wewe ni AS huchukua damu kidogo tu. Baadhi ya wachungaji huwashauri wachumba wapime wakati wa mafundisho ya ndoa. Tunaona ni vema zaidi kupima mapema, kabla ya posa na kabla ya kadi za mchango kusambazwa, maana baada ya hapo ni nani atakayekuwa na ujasiri wa kuuliza swali?

Tulirudi kliniki siku yake ya marudio, tukamkuta. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Mtoto alikuwa ameshika kikombe chenye mfuniko kwa mikono miwili, nusu ya maji yakimwagikia kifuani. Tukamweleza habari ya mfuko, na msongamano, na doa la mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe yanafika."

Safari hii mume wake alikuwepo. Alikuwa amekubali kupimwa. Majibu ya mama yalikuwa AS, na ya baba AS. Baba aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Tulimuuliza kama mama yake ameshaiona. Akasema bado, ila anakuja Jumapili.